Kuangalia madhara ya mionzi kwa hadubini: mwongozo wa mtu aliyeshawahi kuhesabu madoa yasiyo yake

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kupewa chuma kilichopigwa mionzi nilikaa wiki mbili nahesabu madoa meusi kwenye picha za TEM (hadubini inayopitisha mwale wa elektroni ndani ya kipande chembamba), doa moja moja, eksel imejaa, grafu imepanda vizuri na mi najiona nimeshafika, halafu mtu mmoja akapita nyuma yangu akauliza, "na ile ambayo haikupigwa mionzi ikoje?" Nikaenda kuiangalia. Madoa yale yale. Idadi karibu ile ile. Yani wiki mbili nzima nilikuwa nahesabu majeraha niliyoyatia mwenyewe wakati nachonga sampuli, mionzi ilikuwa na mchango kiduchu tu. Kwa hiyo humu ndani, hata nikiwa naongelea kemikali au usalama, swali linabaki lile lile: unachokiona kimetoka kwenye kinu cha nyuklia au umekileta wewe?

Unatafuta nini hasa

Nyutroni yenye kasi ikiigonga atomi inaing'oa pale ilipokaa, iliyong'olewa nayo inaenda kugonga wenzake, nao wanagonga wenzao, purukushani nzima inaisha ndani ya pikosekunde chache. Atomi nyingi zinapata pa kukaa tena, siyo lazima kiti chake cha zamani, ila chache zinabaki nje. Matokeo yake una nafasi tupu huku na atomi zilizojibanza pasipo pake kule. Moja moja huzioni kwa TEM kwenye kipande cha chuma, usihangaike. Unachokiona ni vikundi. Atomi zilizojibanza zikijikusanya zinatengeneza kama kibati cha ziada katikati ya mpangilio na ukingo wa hicho kibati ndo tunaita kitanzi. Nafasi tupu zikijikusanya unapata vitundu, na kama ndani kuna heliamu au gesi nyingine basi hivyo ni viputo. Kingine ni elementi kuhama, kromiamu inakimbia mipaka ya punje (fuwele ndogo ndogo zinazounda chuma), nikeli na silikoni zinakuja kujazana pale.

Kipimo cha kipigo ni dpa, maana yake wastani wa mara ambazo kila atomi imeng'olewa. Ukisikia 10 dpa elewa kwamba kila atomi kwenye hicho chuma imeng'olewa mara kumi kwa wastani na chuma bado kimesimama, mi mpaka leo jambo hili linanishangaza. Chungu kikuu kinachobeba presha ya kinu cha maji kinapata kidogo, kama 0.1 dpa au pungufu kwa maisha yake yote, wakati chuma cha pua kilichokaa jirani na fueli kinaweza kufika makumi.

Na hadubini siyo pambo kwenye kazi hii. Mwaka 1967 Cawthorne na Fulton waliweka kwenye TEM chuma cha pua cha ganda la fueli kutoka Dounreay Fast Reactor kule Scotland wakakuta vitundu vidogo vidogo vimejaa, na hapo ndo habari ya chuma kuvimba kwa mionzi ikaanza kuchukuliwa kwa uzito na wabunifu wa vinu vya aina hiyo.

Hatua ya 1: tafuta sampuli ya kulinganisha kabla hujagusa yenye mionzi

Nimeiweka ya kwanza makusudi. Unahitaji kipande cha chuma kile kile, cha mkupuo ule ule wa kuyeyusha, kilichopita kwenye moto na ubaridi ule ule wa kiwandani, ila hakijaonja mionzi. Ukibahatika upate na cha pili, kilichokaa kwenye joto sawa na la kinu kwa muda ule ule bila mionzi, kwa sababu joto peke yake likipewa miaka linaweza kutengeneza vichembe vya kemikali tofauti na ukavisingizia nyutroni. Hivi vipande viandae kwa njia ile ile, mashine ile ile, volti zile zile, ikiwezekana wiki ile ile na mkono ule ule. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu muda wa mashine ni mgumu kupata na kuutumia kwa kitu "kisicho na kitu" inauma. Uume tu huo uchungu.

Hatua ya 2: jua historia ya kipande chako

Andika kabla hujaanza: kilipigwa dpa ngapi, kwa nyuzi ngapi za joto, kwa kasi gani, na kwa kitu gani, nyutroni au ioni. Joto ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kukiwa baridi sana nafasi tupu hazitembei, kukiwa na joto kali sana zinatembea mpaka zinapotea, vitundu vinapenda pale katikati, kama theluthi moja mpaka nusu ya joto la kuyeyukia ukilipima kwa kelvini. Kwa hiyo usipoona vitundu usikimbilie kusema chuma ni kizuri, pengine joto lilikuwa halipo upande wa vitundu.

Kama ni ioni una faida kubwa: unaweza kupata kwa masaa au siku kipigo ambacho kinu kingechukua miaka, na mara nyingi kipande hakiwi na mionzi kabisa, unakishika kama kitu cha kawaida. Ila kuna mitego. Ioni za chuma zenye nishati ya megaelektronivolti chache zinaingia mikromita moja au mbili tu kisha zinasimama, na kipigo hakilingani njia nzima, kinapanda taratibu kikifika karibu na mwisho kinakuwa kileleni halafu kinakatika ghafla. Karibu na uso wa chuma kasoro zinatorokea usoni. Karibu na mwisho wa safari zile ioni zenyewe zimebaki mle ndani kama atomi za ziada na zinaua vitundu. Kwa hiyo hesabu ya maana inatoka mkanda wa kati, na kila namba unayotoa lazima iambatane na kina chake. Kuna siku nimesoma ripoti imechanganya kina chote kikawa wastani mmoja, nikaifunga.

Na kasi nayo: ioni zinapiga kwa kiasi cha 0.001 au 0.0001 dpa kwa sekunde, kinu kiko kwenye kama 0.0000001, kasoro zinapata muda tofauti kabisa wa kutembea, ndo maana wanaotumia ioni huwa wanapandisha joto kidogo kufidia.

Hatua ya 3: usalama, kwa kifupi ila usiruke

Chuma kilichotoka kinuni kina kobalti-60, inatoa gama za 1.17 na 1.33 MeV, na nusu uhai wake ni kama miaka 5.3, kwa hiyo kusubiri wikendi hakusaidii. Muda mfupi, umbali mkubwa, kinga katikati. Umbali ukizidishwa mara mbili dozi kutoka kwenye kitu kidogo inashuka mpaka robo, ndo maana koleo refu ni rafiki yako. Vaa dosimita, pangusa meza kwa karatasi ya kupimia kabla na baada, na kazi ya kukata vipande vikubwa waachie watu wa chumba chenye kuta nene na mikono ya mashine.

Halafu cheki hii hesabu. Kisahani cha kawaida cha TEM, milimita 3 kwa upana na unene wa milimita 0.1, kina uzito wa kama miligramu 5.6 za chuma. Lamela ya FIB (kipande chembamba kinachochongwa kwa mashine ya mwale wa ioni) ya mikromita 10 kwa 5 kwa unene wa nanomita 100 ina pikogramu 40 hivi. Tofauti ni zaidi ya mara milioni 100, na mionzi inashuka kwa kiwango hicho hicho. Hii ndo sababu kubwa FIB imeteka kazi hii: unachonga kipande cha kutisha, unatoka na kitu ambacho kinaweza kuingia kwenye hadubini ya kawaida bila kuiharibu. Kumbuka tu kwamba vumbi lililochongwa halikwenda mbinguni, limebaki limepaka ndani ya chemba ya FIB, na anayefungua chemba kufanya sevisi lazima aambiwe.

Hatua ya 4: anza na macho ya mbali

Usirukie kwenye nanomita. Anza na hadubini ya mwanga, kisha SEM (hadubini ya elektroni inayoangalia uso), uone nyufa, oksidi, punje zikoje, wapi pa kuchonga. Mfano mzuri ni fueli ya urani dayoksaidi iliyotumika muda mrefu: ukingo wa nje wa kidonge cha fueli unabadilika, punje zilizokuwa za mikromita 10 hivi zinagawanyika kuwa za sehemu ndogo ya mikromita na vitundu vya gesi vinajaa, na yote hiyo unaiona kwa SEM. Aliyechonga lamela moja katikati ya kidonge akaenda moja kwa moja TEM atakwambia hakuna kitu kama hicho, na yeye hatakuwa amedanganya.

Kitu kimoja kuhusu kugandisha sampuli kwenye resini ili uipolishi: kama kipande kilipigwa mionzi kwenye joto dogo, tuseme grafaiti au aluminiamu, usitumie ile resini ya kukandamiza kwa moto. Kasoro zinaponywa na joto. Grafaiti inahifadhi nishati kwenye kasoro zake, na moto wa Windscale kule Uingereza, Oktoba 1957, ulianzia kwenye zoezi la kuipasha ili itoe hiyo nishati. Sampuli yako haitawaka, ila utaipika na kufuta ulichokuja kukitafuta. Tumia resini ya baridi.

Hatua ya 5: kuandaa kipande, hapa ndo watu wanaangukia

FIB inachonga kwa ioni, mara nyingi za galiamu. Sasa tafakari: unatumia ioni kuchonga kitu ambacho unataka kuona kimeumizwaje na mionzi. Kwa 30 kV galiamu inaacha pande zote mbili za lamela tabaka la madoa meusi ya nanomita chache, na vitanzi vidogo vya mionzi halisi vinaonekana hivyo hivyo kama madoa meusi ya nanomita chache. Hapo ndipo nilipozikwa mimi.

Unachofanya ni hivi. Chonga kwa 30 kV mpaka unene wa kama nanomita 300 au 400 tu, usiwe na tamaa. Kisha shuka 5 kV uendelee kupunguza pande zote mbili, malizia 2 kV au chini ya hapo. Kila unaposhuka volti unaondoa tabaka lililoharibiwa na volti iliyopita na kuacha lingine jembamba zaidi, halimaliziki kabisa ila linakuwa dogo. Ukimaliza peleka TEM uangalie ile ya kulinganisha KWANZA. Kama imejaa pilipili manga, rudi kasafishe, usiguse yenye mionzi.

Kuna njia ya kumalizia nzuri zaidi kwa metali, kuipolishi kwa umeme kwa kufumba na kufumbua: lamela unaizamisha kwenye asidi ya pakloriki iliyopunguzwa sana kwa alkoholi, kwenye ubaridi wa nyuzi 30 au zaidi chini ya sifuri, unapiga mpigo wa umeme wa sehemu chache za mia za sekunde, unasuuza haraka. Ikikubali, usuli unakuwa msafi kama kioo na unabaki na vitanzi vya kweli tu. Ikikataa, lamela imepotea, imeyeyuka, kwaheri. Mi huwa naandaa lamela tatu kwa kila sampuli nikitarajia moja ife. Na hiyo asidi siyo ya kuchezea, ikikauka au ikipata joto pamoja na vitu vya oganiki inalipuka, inahitaji kabati lake maalum la kuvutia hewa na mtu aliyefundishwa asimame pembeni, usijaribu kwa kusoma maandishi kama haya.

Viputo na vitundu havisumbuliwi sana na madoa ya FIB, kwa hiyo kama kazi yako ni kuvimba tu unaweza ukapumua kidogo hapa.

Hatua ya 6: kupiga picha

Kitu kigumu kukizoea ni kwamba kitanzi hakionekani kwa kuwepo tu, kinaonekana kutegemea umeinamisha sampuli upande gani. Unainamisha mpaka seti moja tu ya safu za atomi iwe inarudisha mwale kwa nguvu, mwelekeo wa hiyo seti tunauita g, na kitanzi kina mwelekeo wake wa kusukuma atomi, tunauita b. Kama b imelala pembe mraba na g, kitanzi kinapotea kwenye picha. Kipo, hukioni.

Chukulia chuma cha feriti. Kuna familia mbili za vitanzi, zinazoitwa kwa namba za mwelekeo wa b, ½<111> na <100>. Ukipiga kwa g ya aina ya 110, nusu ya vile vya ½<111> havionekani na theluthi moja ya vile vya <100> navyo vimejificha. Kwa hiyo hesabu ya picha moja ni hesabu ya waliohudhuria tu, lazima upige kwa g tofauti, utenganishe familia, ndo uzidishe, mara 2 kwa hawa na mara 1.5 kwa wale. Kwenye aloi za zirkoniamu mchezo huu unakusaidia: ukitumia g ya 0002 vitanzi vya <a> vinazimika vyote na vile vya <c>, vinavyokuja baadaye na kuharakisha urefukaji wa mirija ya kinu, vinabaki vimesimama peke yao.

Kwa vitanzi vidogo sana geukia picha ya usuli mweusi kwa mwale dhaifu, vinang'aa kama nyota na ukubwa wake unasomeka vizuri zaidi. Inataka muda mrefu wa kupiga na holda isiyotikisika, subiri sampuli itulie kabisa kabla ya kubonyeza.

Vitundu vina utaratibu wake. Toka nje ya hali ya kurudisha mwale kwa nguvu, halafu piga jozi ya picha, moja fokasi ikiwa chini kidogo na nyingine juu, tuseme mikromita 0.5 mpaka 1 kila upande. Kitundu cha kweli kinageuka: chini ya fokasi ni cheupe chenye pete nyeusi, juu ya fokasi ni cheusi chenye pete nyeupe. Kisichogeuka siyo kitundu, ni uchafu au kitu kingine, kitoe kwenye hesabu hata kama kimekaa kama kitundu kuliko vyote.

Angalia na volti ya hadubini yenyewe. Chuma kinavumilia 200 kV vizuri maana atomi zake zinahitaji karibu 400 ndo zing'oke, ila aluminiamu inaweza kung'olewa kwa 200, na grafaiti hata chini ya hapo. Ukiwa unatazama na madoa yanaongezeka huku unatazama, acha.

Hatua ya 7: kemikali

Kwa mipaka ya punje inamisha sampuli mpaka mpaka usimame wima kabisa sawa na mwale, maana upungufu wa kromiamu una upana wa nanomita chache tu na mpaka ukilala kidogo unajipaka na kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Pima kwa hatua za nanomita 1 au chini.

Halafu mtego mmoja mtamu. Chuma kilichotoka kinuni kina chuma-55 (atomi za chuma zenye mionzi), ambayo ikioza inakuwa manganizi na inatoa eksirei za manganizi, 5.9 keV. Detekta yako haijui kama eksirei imetoka kwa sababu ya mwale wako au imejitokea yenyewe, kwa hiyo spektra inaonyesha manganizi nyingi kuliko iliyopo. Dawa yake ni rahisi: zima mwale, kusanya spektra kwa muda ule ule, kisha toa. Kwenye kisahani cha milimita 3 utashangaa, kwenye lamela ya FIB karibu hamna kitu. Mi naifanya kote kote, ni dakika tano.

Kwa vile vichembe vya shaba vya nanomita chache kwenye chuma cha chungu cha presha, EDS (kupima elementi kwa eksirei zake) inahangaika, hapo nenda kwenye ile mashine ya kuchomoa atomi moja moja kutoka kwenye ncha ya sindano, APT. Ila hata yenyewe inapoteza sehemu ya atomi njiani, na ncha zinavunjika sana.

Hatua ya 8: kuhesabu

Idadi bila unene haina maana. Pima unene pale pale ulipopiga picha, kwa EELS (kupima nishati ambayo elektroni zinapoteza zikipita) au kwa mwale uliokusanywa, usiseme "kama nanomita 100 hivi". Tuchukue mfano: picha ya nanomita 200 kwa 200, unene 80, ujazo wake ni nanomita za ujazo milioni 3.2. Umehesabu vitanzi 64 baada ya kurekebisha vilivyojificha, hiyo ni 2 mara 10 kipeo 22 kwa mita ya ujazo. Kama unene ulikosea kwa asilimia 20, na jibu limekosea hivyo hivyo, hata ungehesabu vitanzi kwa uaminifu wa mtakatifu. Toa na ile ya sampuli ya kulinganisha, iliyohesabiwa na mtu yule yule.

Kwa kuvimba: vitundu 40 vya kipenyo cha nanomita 20 kwenye eneo la 300 kwa 300 na unene 100. Kila kitundu kina nanomita za ujazo 4,190 hivi, jumla kama 168,000 kati ya milioni 9, ukigawa kwa kilichobaki kigumu unapata karibu asilimia 1.9. Ona kipenyo kinavyoingia kwa kipeo cha tatu, ukikisoma 22 badala ya 20 kwa sababu ya ile pete ya fokasi, kuvimba kunaruka kwa theluthi nzima. Kwa hiyo amua unapima ndani ya pete au nje, andika kwenye daftari, na usibadilishe katikati ya kazi. Na maeneo ambayo hukukuta kitu yahesabu pia, kutupa picha "mbaya" ndo namna ya kimya kimya ya kuchakachua data.

Hatua ya 9: kuhifadhi

Weka picha ghafi zote pamoja na g, fokasi, unene na kina, siyo ile moja iliyopendeza tu. Lamela ikirudi kwenye kiboksi chake cha gridi iandike namba na tarehe, iwekwe pale panapowekwa vitu vya mionzi hata kama kipima mionzi hakilii ukikisogeza, maana kwa pikogramu 40 kinaweza kisilie kabisa. Na gridi ikikudondoka sakafuni usipulize wala usifagie, simama, zuia watu, ita mtu wa usalama, mpige magoti wote wawili na tochi mmeilaza chini, shaba ya gridi itang'aa.